Kutia ni Sekunde, Kutoa ni Siku Kumi na Moja

Wateja wangu wengi hawasemi "niwekee". Husema "nitilie". Nitilie mia mbili, dada. Ndicho Kiswahili chetu cha Mombasa, na kwa miaka saba niliyokaa nyuma ya kidirisha cha duka langu la M-Pesa huku Likoni, si mbali na kivuko, neno hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu. Nikilisikia kwa mtu mmoja mara nne jioni moja, mia mbili, mia mbili tena, mia, kisha hamsini, huwa sina haja ya kuuliza pesa inakwenda wapi: ni kwenye kamari ya simu. Mzazi anayemtumia mwanawe karo hatii kwa vipande vile. Muuza samaki anayemlipa mvuvi hatii kwa vipande vile. Vile ni vipande vya mtu anayekifukuza kilichokwisha kwenda.

Leo lakini nataka kuzungumzia kutoa. Katika kazi yangu kutoa ni jambo la nusu dakika. Mteja huandika namba yangu ya wakala, kiasi anachotaka na PIN yake, simu yangu inalia, naangalia kitambulisho, anatia sahihi daftarini, nahesabu noti. Ada imebandikwa ukutani, kila mtu anaiona kabla hajaanza. Kwa hiyo usiku ule wa Oktoba 2024 mdogo wangu aliponijia na simu yake mkononi, niliamini kwamba hakuna mtu nyumbani kwetu anayejua kutoa pesa kunishinda mimi.

Ilikuwa saa tano usiku. Mama amelala. Mdogo wangu ni dereva wa tuktuk, hubeba abiria kutoka kivukoni hadi Mtongwe na vichochoro vya huko, na tuktuk si yake. Kila siku ana hesabu ya kumpelekea mwenye tuktuk. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akanyoosha simu.

"Dada, hebu tazama hapa."

Niliona tarakimu. Shilingi 214,300.

"Ni za kweli?"

"Ni za kweli. Ila bado hazijatoka."

Sitasema ni kasino gani, maana jambo nitakaloeleza halihusu jina moja. Mdogo wangu aliipata kwa kiungo kilichotumwa kwenye kikundi cha Telegram. Alitia shilingi 3,000, ikampa bonasi ya 3,000 nyingine. Ile bonasi, kama wengi wajuavyo na wengi wasivyojua, haikuwa pesa ya kutoa. Masharti yalisema jumla ya alichotia na alichopewa izungushwe mara 35 kwanza. Mara 35 ya 6,000 ni 210,000. Yaani kijana anayelala akiwa amepata shilingi 900 kwa siku alitakiwa aweke madau ya shilingi laki mbili na elfu kumi ndipo mlango wa kutoa ufunguke.

Nilikaa na kalamu siku kadhaa baadaye nikalipiga hesabu jambo hili. Mashine za sloti za mtandaoni nyingi huandikwa kurudisha karibu asilimia 96 ya madau kwa wachezaji. Asilimia 4 ya 210,000 ni 8,400. Kwa wastani, basi, mtu anayezungusha kiasi hicho hupoteza shilingi 8,400, na mfukoni anazo 6,000 tu. Wengi huishiwa kabla ya kufika mwisho. Mdogo wangu alifika kwa sababu usiku huo mashine moja ilimmwagia ushindi mkubwa katikati ya safari, akamaliza kuzungusha akiwa bado yuko juu sana. Pesa ile ilikuwa halali yake kwa masharti yao wenyewe. Nasisitiza hilo kwa sababu watu hupenda kudhani kwamba asiyelipwa lazima amefanya ujanja.

Aliomba kutoa usiku uleule. Salio la kucheza likawa sifuri, na pembeni yake pakatokea maandishi kwamba ombi linashughulikiwa, muda ni hadi saa 72. Chini ya maandishi hayo palikuwa na kitufe kimoja cha rangi ya kijani. Cha kughairi.

Ijumaa asubuhi wakaandika kwamba wanataka kumtambua. Kampuni iliyopokea pesa yake mara kadhaa bila kumuuliza hata umri sasa ilitaka picha ya kitambulisho pande zote mbili, picha ya uso wake akiwa ameshika kitambulisho hicho, na hati ya makazi: bili ya umeme au ya maji yenye jina lake na anwani yake, isiyozidi miezi mitatu.

Kitambulisho kilikuwa rahisi. Bili ndiyo iliyotufikisha pabaya. Sisi tunapanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita. Umeme ni wa tokeni, mita ina jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba mwenyewe alikwisha fariki, wanaokusanya kodi ni wanawe. Maji tunanunua kwa mitungi. Nyumba haina namba. Mtaa wetu una jina ambalo kila mtu wa tuktuk analijua na hakuna kibao kinacholitaja. Anwani pekee tunayoweza kuiandika kwenye fomu ni sanduku la posta la shule niliyosomea. Mtu aliyeitunga ile orodha ya hati alikuwa na picha ya mtu anayeishi kwingine kabisa, mwenye mtaa, namba ya mlango na bahasha inayoletwa kila mwezi. Hakutufikiria sisi alipoandika, lakini sisi alitufikiria vizuri sana alipotengeneza njia ya kupokea pesa zetu kwa M-Pesa.

Tukatuma ujumbe wa tokeni. Ukakataliwa. Jumamosi na Jumapili tukaambiwa kitengo cha fedha hakifanyi kazi mwisho wa wiki. Michezo ilifanya kazi mwisho wa wiki. Jumatatu tukatuma taarifa ya miamala ya M-Pesa ya miezi mitatu, ile inayokuja na neno la siri kwenye barua pepe, na hiyo nayo ikarudi kwa kuwa haina anwani. Jumanne mdogo wangu aliacha kazi nusu siku, tukaenda pamoja kwa chifu kuomba barua ya utambulisho. Chifu aliuliza barua ni ya nini. Mdogo wangu akajibu ni ya benki. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, nikanyamaza. Muhuri ukagongwa.

Jumanne hiyo jioni mimi ndiye niliyekuwa na simu. Tulikuwa tumekubaliana tangu Jumamosi kwamba akirudi kazini ananiachia, kwa sababu alikiri mwenyewe kwamba kila akiifungua ile programu mkono unakwenda kwenye kile kitufe cha kijani. Hilo nalisifu. Kijana wa miaka 26 kumpa dada yake simu si jambo dogo.

Nikafungua mazungumzo na mhudumu wao. Aliandika kwa adabu sana. Akasema barua ya chifu imepokelewa, ila kiasi kikubwa kama hiki hupitia ukaguzi wa ziada ambao unaweza kuchukua siku nyingine kumi. Kisha akanipa ushauri. Maombi ya hadi 50,000 huidhinishwa haraka. Ghairi hili kubwa, akasema, uombe tena kwa mafungu madogo.

Iliniingia akilini. Mimi ni wakala, najua maana ya viwango. Hata M-Pesa ina kikomo chake, 250,000 kwa muamala mmoja, na mteja mwenye pesa nyingi zaidi huzigawa mara mbili. Kugawa si kitu cha ajabu kwangu. Saa nne usiku nikabonyeza kile kitufe. Mimi, si yeye.

Shilingi 214,300 zikarudi kwenye salio la kucheza. Nikaomba 50,000, ikakubalika. Nikaomba 50,000 ya pili. Pakatokea maandishi mekundu: ombi moja tu kwa saa 24.

Nilimrudia mhudumu. Akasema ndiyo, hivyo ndivyo kanuni ilivyo, lakini hakuna wasiwasi, zilizobaki ziko salama katika akaunti. Shilingi 164,300 zilikuwa salama mahali ambapo kidole kimoja kinatosha kuziweka dau, na ili kuzitoa zote zingehitaji usiku nne zaidi. Mdogo wangu aliporudi nilimweleza. Hakunilaumu. Akaniomba simu, kwa sababu wateja wake wa alfajiri, akina mama wanaokwenda sokoni Kongowea, humpigia yeye moja kwa moja. Nikampa.

Saa mbili asubuhi alisimama mbele ya kidirisha changu, tuktuk ikinguruma nyuma yake. Hakuwa na haja ya kusema. Salio lilikuwa shilingi 870.

"Zile 50 sikuzigusa, dada," akasema. "Zile ulizoomba. Ziko vilevile."

Nimemuuliza baadaye, kwa upole, si kwa kumhukumu, alikuwa akifikiri nini. Jibu lake limekaa nami. Alisema alipoona 214,300 alikuwa na picha kamili kichwani: malipo ya kwanza ya tuktuk yake mwenyewe. Alipoona 164,300 picha ikapungua. Alijua kabisa kwamba zile 50,000 hazikupotea, ziko njiani, lakini jicho lake lilikuwa juu ya tarakimu iliyo mbele yake, na tarakimu hiyo ilikuwa pungufu. Alitaka kuirudisha tu mahali pake. Hakutafuta utajiri.

Aliifuata kwa Aviator, ule mchezo wa ndege inayopaa huku kizidishi cha dau lako kikikua, na unatakiwa utoke kabla haijatoweka. Umetengenezwa na kampuni ya Spribe kutoka Jojia, ile nchi ya milima ya Caucasus, na ulitoka 2019. Siku hizi vijana wa stendi zote za tuktuk na bodaboda wanaujua kuliko ratiba ya ligi. Siutaji ili niseme umemwibia. Watengenezaji wenyewe hutangaza kwamba unarudisha asilimia 97, na sina sababu ya kupinga. Maana yake ni kwamba ukisubiri ndege ifike mara mbili ya dau lako, uwezekano wake ni asilimia 48 na nusu, si 50. Ni tofauti ndogo kiasi kwamba ukikaa nayo dakika tano hutaiona.

Ila chukua shilingi 100 uzipitishe mchezoni mara moja, kwa wastani zitabaki 97. Zile 97 ukizipitisha tena, zitabaki 94. Zikipita mara hamsini, zimebaki kama 22. Na duru moja ya Aviator mara nyingi haifiki nusu dakika. Basi kinachoamua si bahati ya mchezaji peke yake, ni muda ambao pesa yake inakaa ndani ikiweza kupita. Kila siku inayoongezwa kati ya "naomba kutoa" na ujumbe wa M-Pesa ni siku nyingine ya kupitisha. Mimi sikulielewa hilo nilipobonyeza kile kitufe, na ningelielewa ningetupa simu baharini kuliko kukigusa.

Kwa majuma mengi nilijisomea usiku baada ya kufunga duka. Nilichokipata kuhusu Uingereza kilinikasirisha na kunifariji kwa wakati mmoja, kwa sababu kule wameliona jambo hili kwa jicho lilelile. Tume yao ya kamari ilipiga marufuku kughairi maombi ya kutoa. Ilianza kama agizo la muda 2020 wakati wa korona, watu wakiwa wamefungiwa majumbani na simu zao, kisha ikawa kanuni ya kudumu kuanzia 31 Oktoba 2021. Ukiomba kutoa, umeomba. Pesa hairudi mchezoni. Na tangu Mei 2019 kampuni za huko hutakiwa kumtambua mteja kabla hajaruhusiwa kucheza, wala haziruhusiwi kumshtukiza na ombi la hati wakati wa kutoa kama hati hiyo zingeweza kuiomba mapema.

Mambo haya mawili tu yangemwokoa mdogo wangu. Barua ya chifu ingetafutwa kabla ya shilingi ya kwanza kutiwa, na pengine ule usumbufu ungemfanya aache. Na kile kitufe kisingekuwepo.

Hata kule, lakini, kutoa si jambo jepesi siku zote. Mwaka 2018 mwanamume mmoja wa Lincolnshire alishinda zaidi ya pauni milioni 1.7 katika mchezo wa karata kwenye simu yake, kampuni ya Betfred ikakataa kumlipa ikisema programu ilikuwa na hitilafu. Mahakama Kuu ilimpa haki yake Aprili 2021. Miaka mitatu na zaidi, kwa mtu anayeishi nchi moja na kampuni, anayezungumza lugha moja na jaji, na mwenye wakili.

Sasa mweke mdogo wangu pale. Chini kabisa ya ukurasa wa ile kasino, kwa herufi ambazo ilinibidi nizikuze, palikuwa na jina la kisiwa: Curaçao. Kiko Karibi, karibu na pwani ya Venezuela, na ni sehemu ya Ufalme wa Uholanzi. Kwa miaka mingi kisiwa hicho kilikuwa na leseni kuu chache tu, na wenye nazo waliwapa wengine leseni ndogo chini yao, kasino nyingi sana zikiishi chini ya mwavuli wa namba moja. Mchezaji mwenye malalamiko alikuwa anamwandikia nani? Kisiwa kilipitisha sheria mpya iliyoanza kutumika 24 Desemba 2024 ili serikali yenyewe itoe leseni moja kwa moja. Sisi tulikuwa tumewahi kwa miezi miwili.

Hapa nyumbani, Kenya, ile sheria ya kamari ya 1966 imebadilishwa. Rais alitia sahihi sheria mpya Agosti 2025, ikaunda mamlaka mpya ya udhibiti mahali pa bodi ya zamani. Nilifurahi. Ila hadi sasa mazungumzo mengi ya umma niliyoyasikia kuhusu kutoa pesa ni mazungumzo ya ushuru, na ushuru wenyewe una tatizo ambalo nadhani ni sisi mawakala tunaoliona kwanza.

Tangu 1 Julai 2025 kodi ya zuio ni asilimia 5 ya chochote unachotoa kwenye pochi yako ya kamari, na ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 ya unachotia. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 20 ya ushindi na asilimia 15 ya dau, kwa hiyo viwango vimeshuka na kila mtu akashangilia. Lakini angalia kinachomfika mtu mwangalifu. Tia 1,000 asubuhi, usicheze hata mara moja, toa jioni: karibu shilingi 100 zimekwenda. Nina mteja mmoja, fundi wa friji, ambaye alikuwa amejiwekea sharti zuri kuliko yote niliyoyasikia. Kila usiku anaondoa kila kitu, pochi inalala tupu. Sasa anakatwa akitoa na anakatwa akirudisha. Yule anayeziacha pesa zake zilale ndani, mahali ambapo saa tisa usiku anaweza kuamka akazicheza, hakatwi. Sidhani waliotunga walikusudia hivyo. Nasema tu kwamba wangemuuliza mtu aliyekaa dirishani angewaambia.

Na kuna uchafu mwingine unaojificha nyuma ya neno hilo la ushuru. Mwaka huu mama mmoja, mshonaji, alikuja kutia 8,000. Nilimjua, kwa hiyo niliuliza. Akanionyesha ujumbe: ameshinda 160,000, pesa iko tayari, atume kwanza asilimia 5 ya kodi kwa namba hii ndipo imwingie. Namba ilikuwa ya mtu binafsi. Nikamwambia, mama, kodi ya kamari anayeikata ni anayelipa. Anakata humohumo kwenye pesa yako, anakupa iliyobaki. Hakuna mshindi anayetuma pesa ili apate pesa. Alisimama pale muda mrefu. Alisema, "Kwa hiyo sikushinda?" Sikuwa na jibu jema la kumpa. Zile 8,000 zilikuwa za vitambaa vya sare za shule.

Watu wakiniuliza siku hizi, na huuliza, siwapi hotuba. Mimi ni Mwislamu, kamari kwangu ni haramu na hilo halijabadilika, lakini anayesimama mbele yangu na simu mkononi hakuja kutafuta ustadhi. Namwambia: kama umekwisha amua, tuma hati zako kabla ya kutia shilingi moja, na kama hawazitaki hadi ushinde, hapo umekwisha wajua. Jina la akaunti liwe sawasawa na jina la M-Pesa, herufi kwa herufi, kwa sababu "Mohamed" na "Mohammed" zimewahi kumfungia mtu pesa yake wiki mbili. Bonasi iache. Ukitia 500, jaribu kwanza kutoa 200 uone zinachukua muda gani kufika. Na ukishinda, ukiomba kutoa, ifute programu kwenye simu hadi ujumbe wa M-Pesa uingie. Mhudumu akikushauri kughairi, kwa sababu yoyote, hata iwe na mantiki kiasi gani, usighairi.

Zile 50,000 zilikuja. Siku ya kumi na moja, Jumapili, licha ya kitengo chao cha fedha kutofanya kazi Jumapili. Zilikuja kwa vipande viwili, 30,000 saa nne asubuhi na 20,000 baada ya adhuhuri, zote kutoka kwa kampuni yenye jina ambalo hatukuwahi kuliona popote katika ile kasino.

Mama aliambiwa siku hiyo. Hakupaza sauti. Aliuliza kiasi, akauliza zilikotoka, akasema pesa hiyo isiingie katika unga wala mafuta ya nyumba yake. Mdogo wangu akamwambia hesabu ya tuktuk ina malimbikizo ya wiki tatu, na kuna rafiki aliyemkopesha 15,000. Mama akasema deni ni la mtu, lipa. Kuhusu zitakazobaki hakutoa ruhusa wala hakukataza, alijifunika mtandio akaenda kuswali alasiri.

Jioni mdogo wangu akaja dukani kuzitoa. Angeweza kumlipa mwenye tuktuk moja kwa moja kwa simu, nilimwambia hivyo. Akasema anataka kuzishika. Alisimama nje ya kidirisha kama mteja mwingine yeyote, mbele yake watu wawili, nyuma yake mmoja, akasubiri zamu yake. Akatazama karatasi ya ada ukutani, akafuata mstari kwa kidole: kuanzia 35,001 hadi 50,000, shilingi 278. Akaandika 49,700. Simu yangu ikalia. Nikachukua kitambulisho chake, nikanakili namba ambayo naijua kwa moyo, nikamsogezea daftari. Aliandika jina lake lote, majina matatu, polepole, kisha akatia sahihi. Nikamhesabia noti mara mbili, mara moja kwa ajili yangu na mara moja mbele ya macho yake. Kwenye simu yake zilibaki shilingi 22.